Bolti za nikeli za bei mbaya zimekatika, za stenlesi zilikuwa zinadumu. Nani anaelewa?

#1 Mzee wa Bana
Habari wakuu. Nipo kwenye kiwanda kidogo cha kuyeyusha alumini chakavu, pande za Barabara ya Pugu hapa Dar. Tanuri letu linawaka kwa oili chafu. Bana (kichomeo cha moto) imeshikwa kwenye ukuta wa tanuri kwa flenji mbili (sahani za kuungia) za stenlesi 304, zikibanwa na bolti nane za M16. Miaka yote tulikuwa tunafunga bolti za stenlesi 316, zile zenye alama A4-70 kichwani. Zinapauka, zinaganda na nati, kila matengenezo tunazitoa kwa grainda, lakini hazijawahi kukatika zenyewe.

Bosi akachoka kununua mawe ya grainda. Akaagiza bolti za aloi ya nikeli, karatasi inasema Inconel 625, na nati zake. Bei sitaji, mtasema natafuta huruma. Tumefunga, tumewasha, na kabla hata ya matengenezo yaliyofuata vichwa vitatu vikawa chini sakafuni. Viwili vya juu ya bana, kimoja cha chini.

Swali langu: chuma kinachosifiwa mpaka kwenye injini za ndege kinashindwaje na bana ya oili chafu, wakati stenlesi ilikuwa inahimili?

#2 Nati Legevu
Umepigwa.

#3 Mtoto wa Gerezani
Nakazia #2. Mbuzi kwenye gunia huyo. Huku kwetu Gerezani ukitaka bolti yenye jina lolote unapata, na karatasi juu. Chukua sumaku, ikishika tu ujue umeuziwa chuma cha kawaida kilichong'arishwa.

#4 Dada wa Maabara
Mtoto wa Gerezani, sumaku itamtajia uongo wa kijinga tu, ule wa werevu itaupitisha. 316 nzuri haishiki sumaku. 625 haishiki. Inconel 600, ndugu yake, nayo haishiki. Hapo sumaku inakuambia nini? Na 304 ikikunjwa au kuvutwa baridi inaanza kushika kidogo ingawa ni halali kabisa.

Kinachotenganisha ni kemia. 625 lazima iwe na nikeli isiyopungua asilimia 58, kromu 20 hadi 23, molibdeni 8 hadi 10, na niobi kidogo. 316 ina nikeli 10 hadi 14 na molibdeni 2 hadi 3. Wanunuzi wakubwa wa chuma chakavu wanazo zile bunduki za eksirei, unagusisha kwenye bolti na majibu yanatoka hapo hapo. Ongea nao vizuri.

#5 Spana Kumi na Tisa
Kabla ya kwenda kuomba bunduki za watu, piga grainda uangalie cheche. Chuma cha kawaida kinatoa cheche ndefu nyeupe zinazopasuka pasuka. Stenlesi fupi kidogo. Aloi ya nikeli inatoa cheche chache, fupi, nyekundu iliyofifia, kama haitaki vile.

#6 Mzee wa Bana
Asanteni. Sumaku haishiki kabisa. Cheche nimelinganisha na ya 316 ya zamani: hii mpya ni fupi na nyekundu zaidi. Cheti kipo, kina namba ya yeyusho (fungu la chuma lililoyeyushwa pamoja), ila kwenye bolti yenyewe kuna herufi mbili tu, ile namba haipo.

#7 Nati Legevu
Cheti cha ndoa kipo, bibi harusi hajulikani. Endeleeni wataalamu, mimi nimekaa pale.

#8 Moshi Mweusi
Wote mnaikagua bolti, hakuna anayekagua mafuta. Oili chafu ina salfa, nyingine imetoka kwenye mafuta yenyewe, nyingine kwenye viongezwa vya kiwandani. Nikeli na salfa kwenye joto ni maadui. Zikikutana hutengeneza salfaidi ya nikeli, na nikeli ikichanganyika na salfaidi hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 640 tu, wakati nikeli peke yake huyeyuka 1455. Kile kimiminika kinapita kwenye mipaka ya chembe za chuma. Nje unaona bolti nzima, ndani chembe zimeshaachana.

Halafu niambie, bana yenu inatoa moshi mweusi? Kama ndiyo, hewa haitoshi, na hapo ndipo panapoua. Kinachoilinda 625 ni ngozi ya oksaidi ya kromu, na ngozi hiyo inahitaji oksijeni. Kwenye moshi wenye salfa na hewa kidogo, chuma chenye kromu nyingi na nikeli kidogo mara nyingi kinadumu kuliko chenye nikeli nyingi. Kwa hiyo 316 kuishinda 625 hapo wala si muujiza.

#9 Kikokotoo
Moshi Mweusi, maelezo matamu, lakini hiyo 640 yako inahitaji bolti ifike 640. Bolti ipo nje kwenye flenji, haipo ndani ya moto. Mzee wa Bana, mnapima joto gani pale?

#10 Mzee wa Bana
Kwa kile kipima joto cha leza, flenji inasoma kati ya 480 na 510. Moshi upo, hasa asubuhi tukiwasha. Sitabisha.

#11 Dada wa Maabara
Kipima joto cha leza kinapima mionzi ya joto, leza ni ya kulengea tu. Chuma kinachong'aa kinatoa mionzi kidogo, kwa hiyo kinasomeka baridi kuliko kilivyo. Bolti mpya inayometameta inaweza kukudanganya kwa nyuzijoto nyingi sana. Pakeni rangi nyeusi ya ekzosi mahali padogo mpime hapo, au mfunge thamokapo (waya wa kupima joto kwa kugusa). Mpaka hapo msimtoe Moshi Mweusi kwenye mechi.

#12 Kikokotoo
Sawa dada, hilo la leza nimelipokea. Lakini tuchukue hiyo 500 kama ilivyo, nioneshe kwamba hata bila salfa bolti ina kesi.

Flenji ni 304. Ikipata joto mpaka 500, inatanuka kama maikromita 18 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. 625 inatanuka kama 14. Tofauti ni 4. Tuseme flenji mbili pamoja na gasketi zina unene wa milimita 60, na joto limepanda kwa karibu nyuzijoto 500. Flenji inataka kunenepa kuliko bolti kwa milimita 0.12. Ni unene wa karatasi nzito. Lakini ukiigawa kwa milimita 60 unapata mnyumbuko (kurefuka kwa kila urefu) wa 0.002, na kwa ugumu wa 625 kwenye joto hilo ni karibu nyutoni 360 kwa kila milimita ya mraba. Hiyo ni nyongeza juu ya kile ulichokaza kwa spana! 625 iliyolainishwa kiwandani inaanza kuvutika bila kurudi kwenye nyutoni kama 414, na ikiwa imetibiwa kwa joto la juu zaidi, hata 276.

Kwa hiyo kila mkiwasha bolti inavutwa kupita uwezo wake. Mkizima flenji inasinyaa, bolti iliyorefuka inalegea. Mkiwasha tena, hivyo hivyo. Na 316? Inatanuka karibu sawa na 304. Zilikuwa zinapanda na kushuka pamoja na flenji. Ndiyo maana zilidumu, bila hata kuwa bora.

#13 Nati Legevu
Sasa kwa lugha ya kijiweni?

#14 Kikokotoo
Flenji inanenepa, bolti inagoma. Mmoja anaumia.

#15 Mstaafu wa Simenti
Vijana mmenikumbusha mbali. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye tanuri la simenti, huko ndani klinka (mawe ya simenti kabla ya kusagwa) inafika 1450. Zile nanga za chuma zinazoshika zege la moto ukutani tulikuwa tunazivalisha kofia za plastiki nchani kabla ya kumwaga zege. Fundi mpya anacheka, plastiki ndani ya tanuri! Kazi ya ile plastiki ni kuungua. Inaacha nafasi, nanga ikitanuka ina mahali pa kwenda, vinginevyo inapasua zege. Kwa hiyo namwelewa Kikokotoo bila kalkuleta.

Dawa yake kwenye flenji: tumia bolti ndefu, halafu vaa kola (bomba fupi) ya aloi ileile ya nikeli chini ya nati. Kola inatanuka sawa na bolti, haina ugomvi nayo. Ukiongeza kola ya milimita 60, ule mvuto unagawanyika kwenye urefu mara mbili, unapungua nusu. Au weka zile washa (pete za kuweka chini ya nati au kichwa) za sahani zinazonesa, lakini ziwe za aloi ya joto, za chuma cha kawaida zitalala kama chapati siku ya kwanza.

#16 Spana Kumi na Tisa
Kabla ya kunenepa na kupungua, mlikaza kwa ngapi?

#17 Mzee wa Bana
Torki spana (inayopima nguvu ya kukaza), 200. Ndiyo namba ya siku zote. Tofauti ni kwamba hizi mpya muuzaji alisisitiza zipakwe grisi, za 316 tulikuwa tunafunga kavu.

#18 Spana Kumi na Tisa
Haya sasa. Nyutoni mita 200 kwenye M16 kavu, tukichukua kipimo cha msuguano 0.2, inakupa mvuto wa karibu kilonyutoni 62. Eneo la thredi ya M16 ni milimita za mraba 157. Hiyo ni kama 400 kwa milimita. Umepaka grisi, msuguano umeshuka mpaka tuseme 0.13, spana inasema 200 ileile, lakini bolti imevutwa na kilonyutoni 96. Yaani 610! Wakati inaanza kuvutika bila kurudi kwenye 414. Bolti zenu zilikuwa zimeshaumia kabla hamjawasha kiberiti. Hakuna salfa, hakuna kutanuka. Ni mkono.

#19 Kikokotoo
Hesabu nzuri, ila muuzaji hakukosea kudai grisi. Nikeli kwa nikeli ikikazwa kavu thredi zinang'atana, hufungui mpaka ukate. Ilitakiwa grisi iwepo na namba ya torki ishuke.

#20 Moshi Mweusi
Subirini. Mzee wa Bana, hiyo grisi ni rangi gani?

#21 Mzee wa Bana
Nyeusi. Inang'aa kama risasi ya penseli. Kopo lake limeandikwa ina molibdeni.

#22 Moshi Mweusi
😂😂 Molibdeni daisalfaidi. DAI-SALFAIDI. Mmekimbia salfa kwenye moshi mkaipaka kwa brashi kwenye thredi. Kwenye hewa ile grisi inaanza kuungua kuanzia nyuzijoto 350 hivi, na salfa yake inaachiliwa pale pale kwenye ngozi ya bolti. Watengenezaji wa aloi za nikeli wanasisitiza usafishe hata alama za chaki na rangi zenye salfa kabla ya kuipasha joto. Tumia ile pasta ya unga wa nikeli.

#23 Dada wa Maabara
Kwenye pasta nakubaliana nawe. Ila salfa ya grisi ni kidogo mno kukata bolti tatu za M16, na thredi ndizo zilizopakwa. Mzee wa Bana amesema vimekatika *vichwa*. Tusiisahau #1.

#24 Baharia wa Kurasini
Naingia nimechelewa. Washa zilikuwa rangi gani? Msiseme nyeupe.

#25 Mzee wa Bana
Nyeupe nyeupe. Bolti zilikuja bila washa, tukachukua za stoo.

#26 Baharia wa Kurasini
Basi hapo, hizo zimepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzijoto 419 na nukta. Flenji yenu hata kwa leza mwongo ni 480. Kila washa imegeuka kidimbwi kidogo cha zinki chini ya kichwa cha bolti, pale pale penye mvuto. Zinki iliyoyeyuka inapenya kwenye stenlesi na aloi za nikeli. Baada ya mlipuko wa kiwanda cha Flixborough kule Uingereza mwaka 1974, kwenye mabaki lilikutwa bomba la stenlesi lenye nyufa za zinki, na wataalamu walibishana vikali kama lilipasuka kabla ya moto au kwa sababu ya moto. Tangu hapo wenye mitambo ya moto wanaogopa mabati karibu na stenlesi.

#27 Kikokotoo
Baharia, nyufa kali za zinki kwenye stenlesi zinatajwa zaidi kuanzia 700 na kitu. Kwenye 500 zinki inakula, ila taratibu. Na za 316 zilifungwa na washa zipi?

#28 Mzee wa Bana
Hizo hizo za stoo.

#29 Nati Legevu
Baharia amezama bandarini.

#30 Kahama Kwetu
Mimi najiuliza kwanini tunaagiza bolti hizi nje wakati nikeli tunayo Kahama.

#31 Mtoto wa Gerezani
Nikeli ipo Kabanga, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Kahama ndiko ulikopangwa mtambo wa kusafisha. Kampuni ni Tembo Nickel, serikali ina asilimia 16. Usituhamishie mlima.

#32 Kahama Kwetu
Umenisahihisha ila mkoa wetu hujaupenda. Bado hoja ipo.

#33 Dada wa Maabara
Hoja ipo kidogo tu. Kuwa na nikeli ni hatua ya mbali sana na kuwa na bolti ya 625. Inatakiwa kuyeyushwa kwenye ombwe au kwa kusafishwa mara ya pili, kufuliwa, kuvutwa, ndipo thredi zipigwe. Kuhusu bei, tarehe 8 Machi 2022 nikeli pale soko la metali la London ilipita dola 100,000 kwa tani, wakasimamisha biashara na kufuta mauzo ya siku hiyo. Wenye stoo za bolti wengine walifunga mdomo wiki nzima.

#34 Bodaboda Mhandisi
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Nati za ekzosi ya pikipiki yangu zinaganda kila mara. Nitafute hizi za nikeli?

#35 Spana Kumi na Tisa
Pikipiki itakuwa rahisi kuliko bolti zake. Tafuta nati zilizopakwa shaba, wanauza za magari, na pasta ya shaba kidogo. Turudi kwenye tanuri.

#36 Mzee wa Bana
Mrejesho wa kwanza. Bunduki ya eksirei bado naiomba, mwenyewe kasafiri. Kwa ushauri niliopewa inbox nimepima uzito. Mizani ya sonara, bolti nzima isiyotumika: kavu gramu 168.2, imening'inizwa ndani ya maji 148.1.

#37 Kikokotoo
Imepungua 20.1. Gawanya 168.2 kwa hiyo: 8.37, ndiyo densiti yake (uzito ukilinganisha na maji). 316 ni karibu 8.0, ingetoa upungufu wa gramu 21. 625 ni 8.44. Na kama kulikuwa na povu la hewa kwenye thredi, linaifanya ionekane nyepesi, kwa hiyo ukweli uko 8.37 au zaidi. Hii si 316. Nati Legevu, futa #2.

#38 Nati Legevu
Sifuti. 600 ni ngapi?

#39 Dada wa Maabara
Karibu 8.47. Ana haki, uzito hautenganishi 600 na 625. 600 haina molibdeni, na nikeli yake haipungui asilimia 72, maana yake salfa inaipenda zaidi. Kama ni 600, Moshi Mweusi anapata pointi.

#40 Mstaafu wa Simenti
Kijana, hujatuambia sura ya mkatiko. Bolti iliyovutwa kupita uwezo inakonda shingo kwanza, na kwa kawaida inakatikia kwenye thredi. 625 inaweza kurefuka hata kwa theluthi kabla ya kukatika.

#41 Mzee wa Bana
Haijakonda popote mzee wangu. Imekatika chini tu ya kichwa, sura ni ya chembechembe, kijivu kati na nyeusi pembeni. Na pale kichwa kinapokutana na shina kona ni kali, tisini kamili, alama za kukereza zinaonekana.

#42 Mstaafu wa Simenti
Aaa. Hiyo imekerezwa kutoka kwenye nondo, haikufuliwa kichwa. Bolti ya maana ina mviringo mdogo pale. Kona kali inakusanya mvuto wote, kila kuwasha na kuzima ufa unasogea kidogo. Huenda chuma ni chenyewe na kazi ya mkono ndiyo mbovu.

#43 Moshi Mweusi
Ufa wa kuchoka unaacha sura laini yenye mawimbi. Chembechembe ni mipaka iliyoliwa. Salfa.

#44 Baharia wa Kurasini
Au zinki. Imekatika chini ya kichwa, washa iko chini ya kichwa. Sijazama bado.

#45 Kikokotoo
Na bado hakuna aliyejibu nani alikuwa *anaivuta* huo muda wote. Ufa bila mvuto hauendi popote.

#46 Spana Kumi na Tisa
Nani? Aliyeweka 200 na grisi.

#47 Mzee wa Bana
Bosi anataka tufunge nne za nikeli na nne za 316 mara hii, aone zipi zitabaki.

#48 Kikokotoo
Mwambie asithubutu! Joto likipanda za nikeli zitabeba mzigo wote, za 316 zitakuwa zinatazama. Mtapata jibu baya na bana iliyopinda. Funga zote 316, kavu kwa kavu kama zamani, au pasta ya nikeli na torki ya chini. Washa za stenlesi. Za nikeli zisubiri eksirei.

#49 Dada wa Maabara
Na vile vichwa vitatu usivipige brashi ya waya wala kuviosha kwa petroli. Kila kimoja kwenye mfuko wake, kikavu, na uandike kilikuwa nafasi ya saa ngapi kwenye flenji, kana kwamba flenji ni uso wa saa. Ile bunduki inaona salfa vibaya, tutahitaji darubini, lakini zinki na molibdeni itaziona bila shida. Gusisha kwenye uso wa mkatiko na ubavuni, halafu linganisha.

#50 Mzee wa Bana
Sawa dada, nimechelewa kidogo kwa kimoja, fundi alishakisugua aone kinavyong'aa. Viwili vipo salama.

#51 Nati Legevu
Zile nzima tano, bosi akizichoka nanunua kwa kilo.

#52 Mzee wa Bana
Kazifungia kwenye sefu pamoja na cheti.